Kikuba Juu ya Dramu

Darajani saa ya alasiri, mtu akikukanyaga radhi anakuomba akiwa keshafika Mkunazini. Katikati ya vurugu hizo Tahiya kakaa na sinia lake la vikuba, asumini na rehani zimefungwa uzi, buibui linanukia udi, mara fulana nyeusi ikasimama mbele yake.

"Kikuba kimoja, bibie."

Tahiya akaacha kufunga uzi. Sauti ile! Akainua macho. Nywele ndefu zimefungwa kisogoni, ndevu zina mvi, lakini ni yule yule Amour wa Mbweni.

"Unampelekea mkeo?"

"Mke gani?"

"Wa Karachi. Au washakuwa wawili?"

"Tahiya, mimi sijaoa."

"Ah wapi! Dunia nzima imekuona. Nenda bwana, unanizibia wateja."

Amour alikwenda Karachi kusomea meno, akaahidi kwamba akirudi wazee wake watakwenda kwa kina Tahiya kuposa. Huko bwenini akakutana na vijana watatu wenye magitaa. Umeme ukikatika walipiga kwa mshumaa, bendi wakaiita Mombatti, ndiyo mshumaa huo huo kwa Kiurdu. Amour akakamata dramu, na meno ya watu yakasalimika. Albamu ya kwanza waliinunua mama zao tu. Ya pili ikawaka: kutoka Lahore mpaka Dhaka vijana wakafuga nywele, kila bendi changa ikataka kupiga kama Mombatti.

Tatizo lilikuwa video ya ile nyimbo yao kubwa. Amour kakaa na biharusi mwenye mtandio mwekundu, anamlisha ladu, kitamutamu cha harusi za huko. Bi Dalal, bibi yake Tahiya, aliitazama mara moja kwenye simu, akatoa hukumu: "Huyu kaoa. Biharusi kavaa nyekundu, kalishwa ladu, wazee wanalia. Mnataka mashahidi? Shahidi mimi!"

Tahiya akamfungia Amour simu. Miaka ikapita, usingizi wake ukabaki nusu nusu. Sasa Usi, mwenye duka la vigae Mpendae, kaleta posa, na keshokutwa ndiyo siku ya jibu.

Baada ya magharibi simu ikalia, namba ngeni.

"Usikate, roho yangu."

"Roho yako iko Karachi."

"Yule muigizaji, Tahiya! Kalipwa, kenda zake. Hata ladu lile la plastiki."

Tahiya akauma mtandio asicheke. "Na ile nyimbo umemtungia nani?"

"Kesho tunapiga Ngome Kongwe, halafu bendi inavunjika. Niliomba tumalizie hapa. Njoo. Kiurdu usikisikilize, sikiliza dramu."

"Kuna mtu kaleta posa, Amour."

 

"Basi njoo kabla hujamjibu."

Ngome ilijaa. Mashabiki wa Mombatti waliotoka ng'ambo walilia nyimbo haijaanza. Tahiya kavaa gauni la kijani, kikuba kifuani, Bi Dalal pembeni anaziba masikio.

Ile nyimbo kubwa ikaanza. Gitaa likapiga kelele, mwimbaji akapiga kelele zaidi, na chini yake, polepole, dramu ikaingia. Tahiya akatega sikio. Kidumbak, ngoma ya harusi za kwetu! Mapigo yale yale Amour aliyoyapiga Mbweni kwenye harusi ya dada yake, akimwangalia Tahiya peke yake. Karachi nzima, Dhaka nzima walikuwa wakiyacheza mapigo yake, na yeye yuko Darajani anafunga vikuba.

Kwetu nyimbo ikikugusa hukai kitako. Unanyanyuka, unakwenda kumtunza mpigaji kwa noti mbele za watu, kila mtu ajue imekuwa yako. Tahiya akanyanyuka. Pochi kaiacha kwa Bi Dalal, akachomoa kikuba. Mlinzi wa bendi hajapata kuona mtu akitunza kwenye roki; akamshika mkono.

"Muache!" Amour akapiga ukelele, mikono haisimami.

Angekipokeaje, na fimbo mbili mikononi? Tahiya akakiweka juu ya dramu. Kila pigo kikaruka, uzi ukakatika, asumini zikatawanyika hewani, zikaangukia nywele za Amour.

"Bi Dalal!" Amour akaita kwenye maikrofoni. "Wazee wangu waje kesho?"

Ngome nzima ikageuka kumtafuta Bi Dalal. Hata mpiga gitaa.

"Nani yule biharusi?" Bi Dalal akauliza kwa nguvu.

"Muigizaji, bibi," Tahiya akajibu, machozi yanamtoka.

"Basi waje asubuhi, kabla ya watu wa Usi," akasema Bi Dalal. "Na ladu za kweli."