Risasi za Mtutu Mmoja

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma, mtaa wa Sanyuanli, mji wa Kichina. Mabelo ya nguo yamefika dari. Jovin, mkubwa wa genge, kachora ramani juu ya boksi la viatu.

"Soko la Zhanxi. Saa nane kamili yule mfanyabiashara Abdulhadi anatoka kwenye lifti na mkoba wa tanzanaiti. Herieth, gari. Fundi, wewe na mimi mlangoni. Tunatisha tu."

Fundi Msabaha hakuinua kichwa. Mji huu hauna duka la risasi. Alizijaza baruti mwenyewe, moja moja. Bastola zilikuwa mbili, pacha kwa sura, tabia mbalimbali. Akautoa mtutu wa ile ya Jovin, akadondosha risasi ndani. Tok. Akaugeuza, risasi ikatoka yenyewe. Iliyong'ang'ania aliitupa kando.

"Mtutu wako umebana, Jovin. Zako nimezipima humu. Zangu kwenye wangu."

"Umesikika, babu."

"Kitendawili," alisema Msabaha.

"Tega," alisema Herieth.

"Kijumba changu chaingiza wageni kimya, chawatoa kwa kelele."

"Si hilo dude lako hilo."

Msabaha akatabasamu kidogo. Kisha: "Na pasi yangu ya kusafiria?"

Jovin akajipapasa mfuko wa shati. "Kazi kwanza. Tanga utafika, mama utamwona."

Mama alikuwa mahututi. Msabaha alikuwa akiiomba pasi ile tangu Kwaresima.

Saa 7:35 mchana.

Garini. Jovin akanyoosha mkono. "Nipe magazini yako ya risasi. Chukua yangu."

"Zako nimezipima kwenye mtutu wako."

"Ndiyo maana sizitaki. Mpishi hajitilii sumu."

Msabaha akamtazama. Wakabadilishana.

Saa 8:02.

Lifti ikafunguka. Abdulhadi akaona bastola mbili, akauachia mkoba bila neno. Wakashuka ngazi za nyuma mbio. Chini, mlangoni, Jovin akageuka. Bastola kifuani kwa Msabaha.

"Samahani, fundi. Unajua mengi."

Akavuta kuingiza risasi chemba. Ikaingia nusu, ikakwama. Akavuta tena. Akaipiga kwa kiganja.

Msabaha akavuta yake. Ikaingia laini, kama mguu kwenye kiatu cha zamani.

"Pasi."

Jovin akatoa. Juu, viatu vya walinzi vilikuwa vikishuka. Msabaha akatoka, akaubana mlango kwa toroli la mizigo. Jovin akabaki ndani, mkoba mkononi.

Saa 8:09.

Herieth akaendesha. Msabaha akafungua pasi. Viza ilikuwa imekwisha miezi minne iliyopita. Jovin aliichukua akiapa kuihuisha.

"Ulijua?"

Herieth alitazama barabara. "Nilijua, babu."

Uwanja wa ndege wangemkamata kabla hajaiona ndege.

"Nishushe kituo cha polisi."

"Watakufunga."

"Halafu watanirudisha kwetu."

"Mama atakungoja?"

Msabaha akaiacha bastola juu ya kiti, akafungua mlango mbele ya kituo, gari likiwa bado halijasimama.