Uji wa Zabibu Wenye Mabonge

Saa nne na robo asubuhi, ukutani kwenye mkahawa wa Vazha pale Sololaki, Tbilisi, ulibaki msumari tu, juu kusikofikika bila stuli. Picha ya mwanamke mwenye kikapu, aliyoichora mteja mmoja wa zamani, haipo. Na jioni hiyo tajiri fulani aliyeinunua alikuwa aje kuichukua.

Vazha alishapata mwizi wake: Tamta, mhudumu, aliyekuwa peke yake ukumbini tangu saa tatu. Alimtaka Inspekta Gocha amtie pingu mambo yaishe. Tamta akasema saa tatu na nusu alitoka kufuata mkate kwa jirani, dakika kumi hivi. Nani alimwona? Hakuna. Begi lake likapekuliwa, halina kitu, na Vazha bado anataka pingu.

Gocha akaingia jikoni. Mpishi, mama Mzevinar, alikuwa anatengeneza vitamu vya churchkhela: anachovya nyuzi zilizotungwa kokwa za jozi kwenye uji mzito wa maji ya zabibu na unga, kisha anazitundika zikauke, moja baada ya nyingine. Akadai hajatoka hapo tangu saa tatu. Uji ule ukiacha kuukoroga, umeuharibu.

Gocha alilijua hilo. Bibi yake kule Kakheti alishamchapa mwiko kwa kosa hilo. Akazikagua zilizotundikwa kuanzia kushoto. Tisa za kwanza nyororo kabisa. Kuanzia ya kumi, mabonge matupu.

"Mama, kabla ya hii ya kumi ulienda wapi?"

"Mkono umechoka, mwanangu. Uzee."

"Mkono hauchoki ghafla hivyo. Sufuria iliachwa. Tamta alipotoka, na wewe ukatoka."

Mzevinar akazima jiko. Akasogeza gunia la unga, na picha ilikuwa nyuma yake, imefungwa kwenye kitambaa cha meza.

"Huyu ni mama yangu," akasema. "Sina picha yake nyingine. Vazha anamuuza kama jibini."

"Na Tamta? Ungeacha afungwe?"

"Nilijua hamtamkuta na kitu, mtamwachia."

Tamta alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nyuma yake Vazha, bila hata pole, akamwambia basi, arudi mezani, wageni wanakaribia kuingia. Tamta akafungua aproni, akamwekea Vazha mkononi. Kisha akamgeukia mpishi.

"Mama, ungeniambia tu. Ningekushikia stuli."

Akatoka, na mlango hakuufunga.