Chupa ya Dirishani

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu, na dirisha linalopigwa na jua tangu asubuhi. Msusi alisuka. Mama yake alikaa kando akikagua. Msuko ukienda upande, mama alikohoa, na msusi alifumua akaanza upya. Ndiyo maana wateja walimwita Mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa na presha kwa miaka sita. Alikuwa pia na shingo ngumu, ila hiyo alizaliwa nayo.

Miezi miwili nyuma, msusi alikuwa amenunua mafuta ya argani ya kupaka nywele. Yalikuja katika chupa nyeusi iliyobandikwa karatasi ya maelezo. Msusi aliona chupa ile haivutii. Akayamimina katika chupa angavu, akaiweka dirishani ili jua liyang'arishe. Ile nyeusi akaitia maji ya kunyunyizia nywele. Kisha akawaambia wateja, "Haya yanatibu kila kitu!" Alisema hivyo kwa kunogesha biashara tu.

Jumamosi moja asubuhi, jirani yao muuguzi alikuja kusukwa. Nusu ya kichwa ilipokwisha, Mkaguzi aliingia na kijiko. Akamimina mafuta ya dirishani, akayameza, akakunja uso.

"Mama, unakunywa nini?" muuguzi aliuliza.

"Dawa yangu. Nimeona kwa macho yangu yanavyofufua nywele za watu. Kama yanalainisha nje, yatashindwa kulainisha mishipa ndani?"

"Na vidonge vya presha?"

"Nimeviacha. Leo wiki ya tatu. Vinanikausha mdomo, nimevichoka."

Kitana kilimponyoka msusi. Alikumbuka kikombe kilichomponyoka mama juzi, na jinsi mama alivyolalamika kichwa kinagonga. Yeye alidhani ni uchovu tu.

"Mama! Nani kakwambia uache dawa?"

"Si wewe? Husemi kila siku haya yanatibu kila kitu?"

Msusi aliinama akaokota kitana. Aliogopa, na aliona aibu.

Muuguzi alisimama, nusu amesukwa, nusu nywele zimetimka. "Twende zahanati sasa hivi."

"Na kichwa chako je?" Mkaguzi aliuliza.

"Changu kitasubiri. Chako hakiwezi."

Njiani watu walimcheka muuguzi. Hakugeuka. Msusi alimshika mama mkono, na kila mama aliposema waende Jumatatu, alimjibu, "Ni leo, mama. Hata ukikaa chini nitakubeba."

Kipimo kilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari alimpima tena, kikasoma vilevile.

"Mama, presha hii inaweza kuleta kiharusi," daktari alisema. "Mkono, mguu, hata maneno, vyote vinaweza kupotea. Kama kidonge kinakusumbua, njoo useme. Tutabadilisha. Usiache mwenyewe."

Walimpa dawa, wakampumzisha, wakampima tena na tena. Presha ilipoanza kushuka, daktari alimwandikia vidonge vya aina nyingine na siku ya kurudi. Alasiri walikuwa saluni tena, na muuguzi alikaa kitini amaliziwe kichwa.

"Kwa hiyo mafuta haya ni uongo?" msusi aliuliza.

"Hapana. Ni mafuta mazuri. Hutoka kwenye kokwa za mti wa argani, na yana vitamini E. Hiyo ni mojawapo ya vitu vinavyoitwa antioksidanti."

"Anti nini?" Mkaguzi alidakia.

"Ukikata parachichi ukaliacha mezani, linakuwaje?"

"Linakuwa jeusi."

"Na ukilipaka ndimu?"

"Linachelewa."

"Basi, hewa huliharibu, ndimu huchelewesha. Mwilini nako kuna uharibifu mdogo mdogo kila siku. Antioksidanti husaidia kuupunguza. Mafuta haya hulainisha nywele na ngozi kavu. Yapo pia ya kula, ya kokwa zilizokaangwa. Utafiti kidogo unaonyesha huenda hayo yakapunguza mafuta mabaya kwenye damu. Huenda, mama. Mtu haachi vidonge kwa sababu ya huenda."

"Na haya niliyokunywa?"

"Hebu niyanuse." Muuguzi alinusa, akarudisha kichwa nyuma. "Yameharibika! Jua na joto huua hizo antioksidanti. Iko wapi chupa yake?"

Msusi alileta ile chupa nyeusi ya maji. Karatasi ilikuwa imechakaa lakini ilisomeka. Alisoma polepole: "Kwa ngozi na nywele tu. Usinywe. Weka mbali na mwanga na joto."

Yote yalikuwa yameandikwa pale. Msusi alimwaga mafuta ya dirishani bila kuyahurumia. Siku hiyohiyo aliamua mambo mawili. Mafuta mapya yatabaki katika chupa yake, kabatini. Na yeye hatasema tena neno asilolijua.

Kila asubuhi alimpa mama kidonge na maji, akasimama hadi kimezwe.

"Unanilinda kama mfungwa," Mkaguzi alilalamika.

"Ndiyo. Fungua mdomo nione."

Baada ya mwezi, kipimo kilisoma mia na thelathini na nne kwa themanini na mbili. Kichwa kiliacha kugonga. Mdomo haukukauka tena.

Wiki hiyo mteja mgeni aliiona chupa nyeusi kabatini. "Hayo ndiyo ya argani? Nasikia yanatibu hata kisukari!"

Kabla msusi hajafungua kinywa, kikohozi kilisikika kutoka kando. Msusi alitazama msuko wake. Ulikuwa umenyooka.

"Yanalainisha nywele, mwanangu," Mkaguzi alimwambia mteja. "Mimi unayeniona hapa, nimebakizwa hai na vidonge."