Faili Lililofutwa na Diski Isiyopungua

Jamani wanakijiji, kaeni niwaambie, maana wengine mlicheka bila kujua mlichokicheka.

Mimi ni Fidencia, mtangazaji wa kipaza sauti hapa San Isidro. Asubuhi ile palikuwa shwari, natangaza tamale za Tomasa, unga wa mahindi uliofungwa majani, zikiwa moto, mara nikamsikia jirani yangu Macrina akiugulia. Uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mkunga, Doña Otilia, anakaa ng'ambo ya korongo, na alishaagiza apigiwe simu tu, atakuja.

Tukapiga. Kimya.

Simu zetu zote hupitia kompyuta anayoitunza Eleuterio, mume wa Macrina. Kila simu huandikwa kwenye faili la kumbukumbu, na faili hilo likijaza diski, simu zinakufa. Dawa yake ni skripti, amri chache tu: kila wiki ifute faili kuukuu, kisha iiambie programu ya simu ifungue jipya. Mkewe alimkumbusha mpaka akachoka. "Kesho," ndilo jibu lake. Mwishowe akaiandika mbiombio, amri ya mwisho akaiacha. Ataiongeza kesho.

Nilimkuta Eleuterio nyumbani kwake, mbele ya kompyuta, jasho linamtiririka.

"Faili halipo, Fidencia! Skripti imelifuta. Tazama!"

"Sasa mbona diski imejaa?"

"Si ndilo ninalokuuliza!"

"Unaniuliza mimi, mtangaza tamale?"

Akatafuta tena. Faili halipo, diski imejaa. Nami kichwa kikanizunguka: kitu kilichotupwa kinajazaje nyumba? Niliogopa, sifichi.

Macrina akapaza sauti kutoka chumbani. "Eleuterio! Ile amri ya mwisho uliiandika?"

"Bado," bwana akajibu.

"Basi programu bado imelishikilia! Umefuta jina tu, mzigo uko palepale. Izime programu, uiwashe upya!"

"Sasa hivi?"

"Ulitaka kesho?"

Akaizima. Kompyuta yenyewe kuukuu, programu ikawa inaamka kwa kujikongoja. Sikungoja. Nilikimbilia kipaza sauti: "Doña Otilia, acha kila kitu! Macrina anajifungua, na simu ya mumewe ni kopo tupu!" Mlicheka, nyie. Mwenzenu Otilia alisikia kutoka ng'ambo, akatimua mbio.

Mtoto alitoka kitovu kimemzonga shingoni, kabadilika rangi. Otilia akakifungua, akamsugua mgongo mpaka akalia. Hapo ndipo simu nazo zikafufuka. Wa kwanza kupiga aliuliza kama tamale zimebaki.

"Ningechelewa kidogo tu," Otilia alimwambia Eleuterio, "ungemzika mwanao."

FUNZO

Kazi iliyobakizwa amri moja haijafanyika. Usiridhike kwamba kitu kimetoweka machoni. Uliza nani bado amekishikilia, umwambie aachie. Nawe bingwa wa kesho, ujue uchungu wa kuzaa hauijui kesho.

Eleuterio aliiandika ile amri siku ileile, kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umembeba binti yake.