Aliyemnyamazisha Kweyu

Asubuhi ya Jumatano Asenath alimkuta mwanawe Kweyu amevaa nepi kavu, na hakukumbuka kumbadilisha. Aliitazama kwa muda. Yeye hufunga nepi kwa pini mbili, moja kila upande. Hii ilikuwa imefungwa fundo kwa mbele, dogo na la kubana, kama mtu anavyofunga kitu asichotaka kifunguke. Pini zenyewe zilikuwa mezani, zimelazwa pamoja kando ya chupa ya chai.

Akajiambia ni uchovu. Mtu akichoka sana hufanya mambo huku amelala.

Na uchovu alikuwa nao. Kweyu alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na tangu aachishwe kunyonya alikuwa akiamka mara tano, mara sita kwa usiku. Hakuwa mgonjwa. Kliniki walimpima masikio, koo na tumbo, wakasema ni mambo ya umri, yatapita. Hayakupita. Baba yake, Nyongesa, alikuwa mlinzi wa usiku kwenye bohari moja karibu na reli, kwa hiyo usiku wote ulikuwa wa Asenath peke yake, katika chumba chao cha Kaloleni walichokigawa kwa pazia: huku kitanda chao, kule kitanda cha mtoto na vyombo. Kila kulipopambazuka alimkabidhi mtoto kwa jirani yake Truphena, aliyekuwa akilea watoto wa watu mchana, kisha akaenda kupakia biskuti kiwandani. Wiki mbili nyuma alikuwa amesinzia akiwa wima, nusura mkono uingie kwenye mashine ya kuziba pakiti. Msimamizi alimwambia ikitokea tena asisumbuke kurudi.

Jumatatu ya wiki hiyo, Kweyu alipoamka mara ya tano, Asenath alisema neno. Alilisema kwa sauti ya chini, meno yameumana.

"Anayekutaka aje akuchukue. Mimi nimeshindwa."

Kulikuwa na zaidi ya hilo usiku ule, lakini hakutaka kulikumbuka.

Jumatano usiku Kweyu alilia mara moja tu. Asenath alikuwa ameshatoa mguu mmoja kitandani aliposikia upande wa pili wa pazia mtu akimbembeleza: shh, shh, polepole, kama mtu apepetaye mchele. Mtoto akanyamaza. Ikaja harufu ya udongo uliomwagiwa maji, na ndani yake harufu ya maziwa yaliyolala. Nyayo zilitembea, wazi, bila viatu, kutoka kitanda cha mtoto hadi dirishani na kurudi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Alijua, kwa sababu alilifunga mwenyewe.

Angepaswa kupiga kelele. Mama yeyote angepiga kelele. Asenath aliurudisha mguu ndani ya blanketi, akajifunika hadi kichwani, na kabla hajamaliza kuogopa, usingizi ukamchukua. Alilala mpaka asubuhi, mara ya kwanza katika miezi minne.

Usiku uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata. Kazini vidole vyake vilirudi kuwa vyepesi, na msimamizi akamwambia anaonekana vizuri siku hizi. Nyongesa akaona pia. "Mtoto ameanza kulala, eh?" akauliza akivua buti zake. Asenath akajibu, "Ameanza." Kila jioni alipozima taa alijiapiza kwamba leo ataamka, na kila usiku aliposikia nyayo alibaki pale pale. Usiku wa sita alifanya jambo lililomtesa baadaye kuliko yote: moyoni alishukuru.

Jumatano iliyofuata Truphena alimsubiri mlangoni, Kweyu amelala begani mwake.

"Mama Kweyu, hebu ingia kidogo." Alifunga mlango. "Huyu mtoto halali usiku?"

"Analala. Siku hizi analala sana."

"Sasa mbona kwangu analala siku nzima? Uji hataki, ndizi hataki. Leo ameanguka pale kwenye ngazi, goti likatoka damu, hata hajalia. Ameangalia tu." Alishusha sauti. "Na kitu kingine. Ulimwachisha lini?"

"Karibu miezi minne."

"Basi huyu ananyonya wapi?"

Akamfungua mtoto midomo kwa kidole. Juu ya ulimi kulikuwa na utando wa kijivu, mzito, kama majivu yaliyokorogwa kwa maziwa, na pumzi yake ilikuwa na ile harufu. Asenath alimchukua mwanawe. Alikuwa mwepesi kuliko juzi, lakini tumbo lilikuwa gumu na limejaa. Kweyu alifumbua macho, akamtazama kama anavyotazama watu wasiomhusu, akayafumba tena.

Usiku huo Asenath hakulala. Alikaa kitandani na simu mkononi, mwanga wake ameufunika kwa kiganja. Saa tisa Kweyu aliguna, bado hajalia, na nyayo zikaanza, zikatoka upande wa ukutani ambako hakuna mlango wala dirisha, zikapita karibu sana na pazia hata likavutika ndani kidogo na kurudi, na harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka akaionja ulimini, na Asenath, huku moyo ukimwambia lala, lala tu, kesho una kazi, akanyoosha mkono, akalishika pazia kwa ncha za vidole, akalisogeza kidogo, kisha kidogo tena, akaelekeza mwanga.

Mwanamke aliketi juu ya stuli, Kweyu amempakata, titi mdomoni mwa mtoto. Alivaa dera la kijani la Asenath. Alipoinua kichwa, uso ulikuwa wa Asenath mwenyewe, ila haukuwa na mifuko chini ya macho, wala ile mikunjo miwili kando ya mdomo. Ulikuwa uso wake uliolala vizuri.

"Rudi ulale," yule mwanamke alinong'ona, kwa upole. "Si ulisema mwenyewe?"

Simu ilimponyoka, mwanga ukalala sakafuni. Alipopata nguvu ya kuiokota, stuli ilikuwa tupu, na Kweyu kitandani mwake akitafunatafuna usingizini.

Truphena hakumcheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa kitambaa chake cha kichwa.

"Mimi ni mtu wa kanisa, unanijua," alisema. "Lakini hiki kitu kina watu wanaokijua. Twende Majengo."

Mwalimu Abdimajid alikuwa mshonaji wa kanzu aliyewasomea watu dua, mzee mfupi mwenye sauti ya mtu anayeongea kando ya mgonjwa. Alimtazama Kweyu, akanusa pumzi yake, akauliza baba yuko wapi. Asenath akasema anafanya kazi usiku.

"Kesho aombe ruhusa. Bila yeye siji."

Kesho yake jioni mwalimu alikuja pamoja na Truphena, mfuko mdogo wa plastiki mkononi. Aliwasha udi, akaketi kwenye mkeka karibu na kitanda cha mtoto, akaanza kusoma Kurani, taratibu, bila kupandisha sauti. Nyongesa alisimama mlangoni mikono kifuani. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mtoto anasumbuliwa na kitu usiku.

Kisomo kilipofika katikati, pazia lilivutika ndani. Kweyu akaketi, macho yamefumbwa, akanyoosha mikono miwili kuelekea pembe iliyo tupu, akasema, "Mama."

Asenath alikuwa upande mwingine wa kitanda.

Mwalimu alinyamaza, akawa kama anayesikiliza mtu. Akauliza kitu kwa Kiarabu, akangoja, akauliza tena. Mwishowe akawageukia.

"Anasema hakuiba," alisema. "Anasema alipewa. Na mimi siwezi kumfukuza mtu kwenye alichopewa, mpaka aliyetoa aseme alivyotoa, na akitwae tena."

"Nani alimpa?" Nyongesa akauliza.

Truphena alitazama chini. Asenath aliona kwamba angeweza bado kusema sijui. Pembeni mtoto alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Ni mimi," alisema. "Jumatatu ile. Alikuwa ameamka mara ya tano. Nikasema anayemtaka amchukue."

"Hayo ni maneno tu ya mtu aliyechoka," Nyongesa akasema.

"Sikusema tu." Alikuwa anamtazama mwalimu kwa sababu hakuweza kumtazama mumewe. "Nilifungua mlango. Nilimweka nje, barazani, kwa baridi, na fulana peke yake. Nikafunga komeo. Alikuwa anagonga mlango, anaita mama. Nikarudi kitandani nikaziba masikio na mto. Sijui ni muda gani. Aliponyamaza ndio nikashtuka. Nilipofungua nilimkuta ameketi, anacheka, anaangalia gizani. Alikuwa na joto. Baridi ile yote, na mtoto alikuwa na joto, kama aliyekuwa amepakatwa."

Moshi wa udi ulipanda wima.

"Na baadaye nikawa namsikia akija," Asenath akaendelea, sasa akilia. "Kila siku. Nikamwacha, kwa sababu nilikuwa napata usingizi."

Nyongesa alikaa chini polepole, mgongo ukutani. Akasema, "Usiku huo ulinipigia simu."

"Nilikupigia mara mbili."

"Nilikata. Nikakwambia asubuhi kwamba ukinipigia kazini utanifukuzisha." Alijifuta uso kwa mkono wote. "Nilikuwa nimeketi tu, Mama Kweyu. Nilikuwa nakunywa chai."

Mwalimu Abdimajid akaeleza, kama anayeeleza dawa. "Usiku saba. Mtoto akiamka, wewe mama ufike kwanza. Ukitangulia, yule hana kazi hapa. Akitangulia yeye, hata mara moja, msinitafute tena, kwa sababu sitakuwa na la kufanya. Baba akusaidie kukesha, lakini wa kumshika ni wewe. Wewe ndiye uliyemweka chini."

Nyongesa aliomba likizo bila malipo. Walikesha wakiongea, wakinywa chai ya rangi, wakisukumana wakisinzia. Kweyu aliamka mara tano, mara saba, na kila mara Asenath alifika, na kila mara nyuma ya shingo yake alisikia nyayo zikisimama.

Usiku wa saba, karibu na alfajiri, walipitiwa wote wawili.

Kilio kilimfikia Asenath kutoka mbali. Alijaribu kuinuka, lakini miguu haikuwa yake, kitu kizito na laini kilikuwa kimemlalia kifuani kama mtu anayemtaka apumzike tu, na nyayo zilikuwa zimeshaanza, hazina haraka, zinapita pazia, na sauti yake mwenyewe ikimwambia sikioni umefanya vya kutosha, lala, na ni kweli alitaka kulala, alitaka kuliko alivyowahi kutaka chochote, na kwa kutaka huko huko akajitupa chini kwenye sakafu, akatambaa kwa viwiko, akalivuta pazia likang'oka na fimbo yake, akamfikia mtoto, akamkumbatia.

Upande wa pili wa mtoto kulikuwa na mikono mingine. Ilikuwa baridi, na ilikuwa imeshika vizuri, kama mikono ya mtu anayejua kushika mtoto.

"Ni wangu," Asenath alisema. "Nilikosa. Nilikosa, lakini ni wangu."

Ile mikono haikuvuta. Ilikaa. Kisha kidole kimoja kikaachia, na kingine, kimoja kimoja, na cha mwisho kikapita shavuni mwa Kweyu kabla hakijaondoka. Harufu ya udongo ikatoka kupitia chini ya mlango. Nyongesa alipowasha taa aliwakuta sakafuni, mtoto na mama yake, wamejifunga pazia.

Kweyu akaanza kula tena. Utando ukatoka ulimini, tumbo likalainika, na alipoanguka kwa Truphena alilia hadi akasikika nyumba ya nne. Mwalimu alikuja, akanusa pumzi yake, akasema nyumba ni safi. Mwezi uliofuata Nyongesa akapata zamu ya mchana, kwa mshahara mdogo kidogo.

Lakini usiku Kweyu bado aliamka mara tano, mara sita. Alisimama kitandani mwake gizani akaita, "Mama." Asenath aliinuka mara tu aliposikia, akafika, akainama. Mtoto alimtazama usoni kwa makini, akaipitisha mikono yake midogo kwenye mifuko chini ya macho ya mama yake na kwenye ile mikunjo kando ya mdomo. Kisha akamsukuma.

"Si wewe," alisema, akaanza kulia.

Asenath alimwinua hata hivyo, akamweka begani, akatembea naye kutoka dirishani hadi mlangoni, akimwambia ni mimi, ni mimi, mpaka kukapambazuka na majirani wakaanza kufungua mabomba ya maji.