Mpaka Uliokatiza Chemchemi

Wanaosema jini huja na kishindo hawajasikia yaliyompata Hafidha wa Mwembesongo. Wa kwake alikuja kama uchovu, na uchovu Hafidha alikuwa nao tangu zamani, kwa hiyo hakumtambua.

Alikuwa mchora ramani katika kampuni ndogo ya upimaji pale Morogoro mjini. Wenzake walipanda milima ya Uluguru kupima mashamba. Yeye alibaki mezani, akipokea nukta zao kwenye kompyuta na kuziunganisha ziwe mipaka, kijiji baada ya kijiji, ili wakulima wapate hatimiliki zao za kimila. Miaka kumi na minne ya kukodolea kioo. Macho yalimwasha, shingo ilikakamaa, na jioni akirudi kwa dada yake Hidaya, ambaye aliishi naye, alikula kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kichwa.

Jumatatu moja ya masika aliamka miguu inamuuma kuanzia nyonga hadi nyayo. Alipoketi ukingoni mwa kitanda aliona udongo mwekundu katikati ya vidole, mbichi, na jani dogo limenata kisiginoni.

"Jana hukunawa miguu?" Hidaya alimuuliza.

"Nilinawa."

"Basi hukunawa vizuri."

Akaoga, akaenda kazini. Alipofungua programu ya kurekodi njia, ile ambayo wapimaji huiwasha kwenye simu ili kila wanapopita pachoreke kwenye ramani, alikuta faili jipya lenye jina lake. Lilianza saa sita usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri. Kilomita thelathini na moja. Akadhani ni kosa la mitambo. Simu yake usiku kucha ilikuwa dirishani, ikichajiwa. Akalifuta.

Jumanne lilikuwepo jingine. Jumatano likaja la tatu, na siku hiyo alipanda ngazi za ofisi akishikilia ukuta kama mjamzito. Ndipo akaliweka juu ya picha ya satelaiti. Mstari ulianzia Mwembesongo, kwenye paa la nyumba yao, upande ule ule wa chumba anacholala. Ukakata mji, ukapanda mlima pasipo na njia, ukavuka makorongo, ukafika kijiji cha Nyaluhanga. Huko ulizunguka kichaka kimoja, ukazunguka tena, mara arobaini, mara hamsini, hadi ukawa kama uzi uliosokotwa kwenye kijiti. Kisha ukarudi nyumbani.

Hafidha alikijua kile kichaka. Alikitazama mpaka kioo kikazima chenyewe.

Mwezi mmoja kabla, Pazi, mpimaji aliyekwenda Nyaluhanga, alileta nukta zenye pengo. "Hapo kuna chemchemi ya ukoo, dada," alimwambia. "Akina mama wamekataa tusiingie na vyombo. Paache wazi, nitarudi kuongea nao." Lakini ilikuwa Ijumaa jioni, kazi ilitakiwa Jumatatu, na programu iligoma kufunga ramani yenye pengo, kila akijaribu inamwandikia kosa lile lile kwa herufi nyekundu. Hafidha alikuwa amechoka. Akavuta mstari mmoja ulionyooka, juu ya miti, juu ya maji, nusu ya kichaka ikawa shamba la huyu na nusu shamba la yule. Ramani ikafunga. Akaenda kulala. Wiki iliyofuata vibarua wakaifuata ramani hiyo na kusimika bikoni mbili, vigingi vya zege vya kuonyesha mpaka, moja kila upande wa chemchemi.

Usiku ule, Hafidha alipomsimulia habari za ule mstari, Hidaya alifunga mlango, akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga yake, akakaa kitini karibu na kitanda akiwa na tasbihi. Asubuhi Hafidha alimkuta pale pale, uso umemsawijika.

"Nimetoka?" aliuliza Hafidha.

"Hukutoka." Hidaya alizungumza kwa kunong'ona ingawa jua lilikuwa limeshachomoza. "Hukunyanyuka hata mara moja. Ila ulikuwa unahema kama mtu anayepanda mlima, na miguu yako inakwenda, inakwenda juu ya shuka, nami nikaona magoti yakiinuka kama unavuka mawe, nikasikia chumba kinanuka majani yaliyooza na maji ya mwambani, nikasoma kila nilichojaliwa kukijua, na nilipotaka kukushika ukiwa unazungukazunguka hivyo, nikasikia kule miguuni kwako, chini kabisa, kitu kinakuambia taratibu, kama mzee aliyepoteza kitu: si hapa, si hapa, geuka, si hapa."

Hafidha alitazama nyayo zake. Ngozi ya kisigino ilikuwa imepasuka.

"Kitandani, dada? Na udongo je?"

"Udongo ulikuwa unaota tu. Niliuona ukiota."

Hidaya alimletea maji ya uvuguvugu na chumvi, akamwosha miguu mwenyewe.

Kazini Hafidha alifungua ramani, akaufuta ule mstari, akahifadhi. Kesho yake aliamka na udongo hadi magotini. Ndipo alipomweleza Pazi kila kitu, pamoja na kosa lake. Pazi hakumlaumu. Alichukua funguo za pikipiki ya kazi.

"Nilikuambia upaache wazi," alisema tu. "Twende."

Walipanda hadi barabara ilipokoma, wakamalizia kwa mguu. Bi Mwanvita, mkubwa wa ukoo wenye chemchemi ile na mganga wa pale Nyaluhanga, alikuwa barazani anakwangua magome ya mdalasini kwa kisu butu.

"Shikamoo, mama," Hafidha alisema.

"Marahaba, mwanangu." Kikongwe hakuinua macho. "Wewe ndiye unayetembezwa. Ninakusikia ukipita hapa kila usiku. Unakanyaga kwa kuchoka sana."

Hafidha akashindwa kujizuia, machozi yakamtoka. "Nimeufuta, mama. Ule mstari nimeufuta. Nifukuzie huyu mtu."

"Anafukuzwa wapi? Kwake si ndipo mlipomfungia?" Bi Mwanvita akaweka kisu chini. "Alitoka kutembea kama wanavyotoka siku zote, akarudi, akakuta mpaka umepita mlangoni. Umefuta kwenye kioo, lakini zile zege zenu bado zimesimama. Hawezi kuzivuka. Kwa hiyo kakutafuta wewe uliyepafunga, umwonyeshe mlango. Nawe kila usiku unazunguka, huuoni."

"Nifanye nini?"

"Kazi yako. Ila safari hii uifanye kwa miguu yako."

Waliwaita wale wakulima wawili. Hawakubisha, mmoja alikiri kwamba tangu bikoni zisimikwe, mbuzi wake hawajakunywa maji ya pale. Wakashika majembe, wakang'oa zege ya kwanza, kisha ya pili. Pazi akampa Hafidha kishikwambi cha kupimia, na Hafidha, ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuchukua nukta hata moja kwa mkono wake, akavua viatu na kuanza kukizunguka kichaka kwa nje, akisimama kila penye kona na kubonyeza, ili chemchemi ibaki peke yake ndani ya mpaka wake, si ya huyu wala ya yule. Ilipofika nukta ya nane ukungu ulishuka. Nukta ya tisa kishikwambi kililia kabla hajakigusa. Kikalia tena, na tena, kana kwamba kuna kidole kingine kinaharakisha.

Alipofunga umbo, kioo hakikuandika kosa lolote.

"Sasa kaa kando ya njia," Bi Mwanvita alisema kwa sauti ya chini. "Usiwazuie."

"Mama, si ni mmoja?"

Kikongwe alimimina ardhini maji ya mdalasini kutoka kwenye kibuyu, akasema maneno ya Kiluguru ambayo Hafidha hakuyafahamu, kama mtu anayewakaribisha wageni waliochelewa. Na majani yaliyolowa yakaanza kulala chini, hatua kwa hatua, kutoka njiani kuelekea kwenye maji, hatua nzito zikafuatiwa na nyepesi, na nyingine ndogo kabisa zilizokimbia zikasimama zikakimbia tena, na harufu ile ya maji ya mwambani ikapita puani mwa Hafidha wimbi baada ya wimbi, na kilio cha kichanga kikapita usawa wa kifua chake kikinyamazishwa, na bado walikuwa wanapita, ukoo mzima, mwezi mzima wamelala nje na wengine wamelala chumbani kwake, na jua likaanza kuinama nyuma ya ukungu nao hawajaisha.

Hatimaye kukatulia. Pazi akashusha pumzi.

"Amebaki mmoja," Bi Mwanvita alisema.

Hafidha alimhisi. Alikuwa amesimama upande wake wa kushoto, karibu mno, anahema polepole.

"Kwa nini haingii?"

Kikongwe alitega sikio kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza uso wake ukaingia huruma.

"Anasema amekuzoea."

Pazi alianza kusoma Ayatul Kursi kwa midomo isiyotoa sauti. Hafidha alitamani kuogopa kama yeye, lakini hofu nayo inataka nguvu, na nguvu hakuwa nazo. Aliketi juu ya jiwe, akafuta uso kwa mtandio.

"Mwambie siwezi kutembea tena," alisema. "Mwambie nimechoka, mama. Akitaka kufuatana na mimi, basi anibebe yeye."

"Usiseme usilolijua, mwanangu."

Lakini lilikuwa limeshasemwa. Bi Mwanvita akaokota kibuyu chake na kuondoka bila kuaga.

Wakateremka kabla giza halijaingia, Hafidha mbele, Pazi nyuma na vyombo. Miguu haikumuuma. Shingo ililegea. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mwili ulikuwa mwepesi, ukimtelezea kilimani kama maji, akajikuta anatabasamu peke yake, akawaza atakavyolala leo.

"Dada Hafidha," Pazi aliita nyuma yake. "Dada, simama kwanza. Njia yote hii ni tope. Mbona sioni ulipokanyaga?"