Namba Kumi na Saba

Uliwaona. Usijifanye hukuwaona. Walipanga foleni Gongo la Mboto, mikono ya mashati imekunjwa, wakitoa damu ili watafiti wakijue kirusi kinachokula maini. Ukainamia simu yako. Utafiti ukafungwa, dawa iliyopatikana ikafungiwa kwenye friji, macho ya Rukaiya, mmoja wao, yakawa ya njano kama binzari. Mumewe, Kondo, akatafuta bastola.

Saa 4:30 asubuhi. Stoo ya nyuma ya mashine ya kusaga. Kondo alichora maabara kwa kidole kwenye vumbi la unga.

"Geti. Korido. Friji. Dakika sita. Hakuna kuua."

"Braza, mie nimekuja kubeba mzigo, sio kuswali," alisema mwenzake, Twaha. Alishapata mnunuzi wa dawa.

"Ya mke wangu kwanza."

Projestus, dereva, alicheka. "Gombaneni nyie. Mie Noah yangu sizimi."

Saa 7:05 mchana. Mlinzi alipigwa kitako cha bastola. Meno yakamwagikia kwenye wali wake.

Saa 7:08. Daktari Felicitas alifungua friji mwenyewe. Chupa arobaini. Namba tupu, hakuna jina.

"Nisikilizeni. Nusu dawa, nusu maji ya chumvi. Ndivyo tunavyopima, mgonjwa asijue kapewa nini. Dozi moja inatibu, mbili zinaua. Orodha ya ipi ni ipi iko kwenye kompyuta hii, nywila ninayo kichwani." Akamkazia macho Kondo. "We si mume wa Rukaiya? Yule ambaye mshipa wake unajifichaga. Ngoja nikufungulie."

"Muongo, anatupiga fiksi huyu!" Twaha akafyatua.

Kichwa cha daktari kilipasuka. Nywila ikachuruzika ukutani.

Kondo alimtwanga Twaha risasi ya koo. Akaongeza ya pili. Alipotoka na boksi, Noah isiyozimwa ilishaondoka.

Saa 8:20. Alishuka bodaboda nyumbani kwake, damu hadi viwikoni. Ving'ora vilikuwa mtaa wa pili.

"Ipi, baba?" Rukaiya aliuliza.

"Taja yoyote."

"Kumi na saba. Tarehe tuliyooana."

Akamchoma sindano. Polisi wakavunja mlango, wakafyatua. Kondo alikufa amekumbatia boksi.

Rukaiya bado anapumua. Macho bado ya njano. Kama yalikuwa maji, anahitaji nyingine. Kama ilikuwa dawa, nyingine itamuua. Chupa thelathini na tisa ziko kituo cha polisi kama kielelezo. Nakala ya orodha anayo bosi wa maabara, na hasemi.

Weka simu chini. Nyanyuka. Nenda kwenye lile geti la maabara sasa hivi, kunja shati, onyesha tundu la sindano, maana nawe ulitoa damu kwenye foleni ile, uliza kwa sauti: kumi na saba ni nini?